Kabla Hujatoa Kishika Uchumba cha Nyumba, Andika "Ikiwa"

Leo siongelei kupiga picha bidhaa wala kufunga mzigo wa basi. Naongelea milioni moja na nusu yangu iliyoondoka mwaka 2023, hapa hapa Singida mjini, kwa sababu ya neno moja ambalo halikuwepo kwenye karatasi. Neno lenyewe ni "ikiwa".

Najua wengi wetu humu tunauza mtandaoni tukiwa nyumba za kupanga. Madumu ya mafuta yako chini ya kitanda, maboksi yako sebuleni, na mwenye nyumba kila siku anauliza hawa bodaboda wanafuata nini hapa. Kwa hiyo kila mtu ana ndoto ileile: nyumba ndogo ya kwangu, fremu mbele, stoo nyuma. Siku hela ikianza kutimia, dalali anakupigia, moyo unadunda, unatoa advansi fasta. Hapo ndipo watu tunapoumia. Soma taratibu mpaka mwisho.

NILIVYOUMIA

Mimi nauza mafuta ya alizeti na asali. Nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia kwenye simu. Mwaka 2023 dalali alinitafutia nyumba maeneo ya Mandewa. Vyumba viwili, fremu inayoangalia barabara, na kisima kifupi nyuma. Bei milioni 18. Kwa kweli niliipenda kabla sijaingia ndani.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: milioni 7 ninazo benki, milioni 5 nitapata kikoba kikivunjwa Desemba, milioni 6 nitakopa. Jumla 18. Kwenye daftari ilikuwa imekaa vizuri kabisa.

Dalali akasema, "Dada, kuna mtu wa Manyoni anakuja kesho na hela mkononi. Toa kishika uchumba leo." Nikaenda kwa mzee mwenye nyumba. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, tukakaa kwenye benchi, nikatoa milioni 2. Dalali akachana karatasi ya daftari, akaandika kwamba nimetoa milioni 2 kati ya 18, inayobaki nitamaliza ndani ya miezi mitatu, "na mnunuzi akishindwa hela hairudi". Nikasaini. Majirani wawili wakasaini kama mashahidi. Mimi nikaenda nyumbani nikachagua rangi ya kupaka fremu.

Baada ya wiki tatu taasisi niliyoomba mkopo ikanijibu. Nyumba haina hati, haina hata barua ya toleo, ina karatasi ya mauziano tu ya mwaka ambao huyo mzee alinunua kiwanja. Hawawezi kuichukua kama dhamana. Mkopo hakuna.

Nikarudi kwa mzee. Nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimeshawakataa watu wawili kwa ajili yako. Na karatasi imesema." Alinirudishia laki tano kwa huruma yake tu. Milioni moja na nusu ikabaki.

Nilikasirika miezi. Nilikuwa nasema nimetapeliwa. Lakini ukweli ni kwamba sikutapeliwa. Nyumba ilikuwa yake, bei ilikuwa ileile, na mimi mwenyewe ndiye niliyesaini. Kichwani mwangu nilikuwa na sharti: nitanunua IKIWA nitapata mkopo. Kwenye karatasi sharti hilo halikuwepo. Na karatasi haisomi kilichopo kichwani.

KISHIKA UCHUMBA KINA MASHARTI YAKE, TUNAYASAHAU TU

Fikiria neno lenyewe tunalolitumia. Kwenye posa, kishika uchumba ni hela ya kusema binti ameshapata mtu, wengine wakae pembeni. Wazee wanajua utaratibu wake: upande wa binti ukivunja, mara nyingi unatakiwa kurudisha. Kijana akikimbia mwenyewe, amepoteza. Yaani hata pale kuna "ikiwa" ndani yake, na watu wazima wamekaa pale kuikumbuka.

Kwenye nyumba tumechukua jina tu, masharti tukayaacha. Tunatoa hela kwanza, maswali baadaye.

Ofa yenye masharti ni kitu rahisi. Unamwambia muuzaji: nataka kununua, bei nimekubali, lakini ununuzi wangu unasubiri jambo fulani litimie. Likitimia, nimefungwa, lazima ninunue. Lisipotimia, kila mtu anachukua chake tunaachana salama. Siyo dharau, wala siyo kuzungusha watu.

Na sheria yetu inalijua jambo hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaongelea mikataba inayosubiri tukio. Kwa lugha yetu ya dukani, inasema hivi: huwezi kumdai mtu atekeleze kabla tukio mlilokubaliana halijatokea. Na kama mliweka muda, muda ukapita tukio halijatokea, mkataba umekufa.

Sheria hiyohiyo ina jambo jingine la kushika. Ukikubali ofa, ukubali ilivyo. Mzee akisema milioni 18, wewe ukajibu "nimekubali baba, ila iwe 17 na lile tangi uniachie", hujakubali. Umetoa ofa mpya, na mzee yuko huru kuikataa na kumuuzia mtu mwingine. Watu wengi wanagombana kwa hili. Mmoja anasema tulishakubaliana, kumbe walikuwa bado wanajibizana.

Pia, kwenye ardhi maneno ya mdomo hayatoshi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya kuuza yawe kwenye maandishi. Kwa hiyo "tulielewana na mzee" haikusaidii. Hata ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiutegemee. Andika.

NENO "OFA" LINA MAANA MBILI, USICHANGANYE

Hapa Tanzania dalali akikwambia "kiwanja kina ofa" hamaanishi bei ya punguzo. Anamaanisha barua ya toleo, ile barua ambayo serikali inamwandikia mtu kwamba amepewa haki ya kumiliki kiwanja namba fulani.

Ukiisoma vizuri, barua ya toleo nayo ni ofa yenye masharti. Inakuambia kiwanja ni cha matumizi gani, muda wa umiliki ni miaka mingapi (mwisho ni 99), tozo gani ulipe, na uendeleze ndani ya muda gani. Unatakiwa ukubali na kulipa ndani ya muda uliotajwa kwenye barua yenyewe. Mtu anaweza kuwa na barua ya zamani aliyoifungia kabatini, hajalipa kitu, hajajenga kitu, halafu anakuuzia kama mali kamili.

Kwa hiyo ukionyeshwa ofa usiishie kuangalia muhuri. Omba na risiti za malipo. Uliza kodi ya ardhi imelipwa mpaka mwaka gani. Soma masharti ya matumizi: kama kiwanja ni cha makazi tu na wewe unataka kuweka ghala la alizeti, hilo ni tatizo lako tangu siku ya kwanza.

MASHARTI YANAYOFAA KUANDIKWA

Baada ya lile pigo nilimtafuta msaidizi wa kisheria. Hawa wanatambulika chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure, usiogope kuuliza. Mwaka 2023 ilianza pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ya kuzunguka mikoani. Aliyenisaidia mimi alinikalisha chini akaniuliza, "Binti, ni kitu gani kikitokea hutaitaka tena hiyo nyumba?" Nikaanza kutaja. Akasema, "Hayo ndiyo masharti yako." Haya ndiyo makubwa.

1. Umiliki. Kama nyumba ina hati, sharti liwe kwamba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi uonyeshe muuzaji ndiye mmiliki, na hakuna rehani ya benki wala zuio. Wengi tunaita kusachi. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya nyumba. Kama nyumba haina hati wala ofa, ofisini hutakuta faili la kupekua. Hapo sharti lako linabadilika: karatasi zote za mauziano tangu mmiliki wa kwanza zionekane, majirani wa pande zote nne wathibitishe mipaka, na serikali ya mtaa ithibitishe hakuna mgogoro.

2. Mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mtu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza wake. Hata kama hati ina jina la baba peke yake. Usikubali kuambiwa "mama yuko kijijini, hana neno". Andika kwamba ununuzi unasubiri saini ya mama.

3. Mirathi. Kama mwenye jina kwenye hati ameshafariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa peke yake, hata kama ndiye anayeishi hapo na ndiye anayelipa umeme, hatoshi.

4. Mkopo. Andika kiasi, na andika lini utapeleka maombi. Usiandike tu "nikipata mkopo".

5. Vipimo. Kama kiwanja kimepimwa, mpima ardhi aonyeshe mawe ya mipaka na yalingane na ramani. Niliwahi kuona ukuta wa mtu umekula hatua nne za jirani, na mnunuzi ndiye aliyekuja kuubomoa.

6. Hali ya nyumba. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa dalali. Apande darini, aangalie nyufa, aangalie msingi. Omba namba ya akaunti ya maji uulize SUWASA kama kuna deni. Ukipata nafasi nenda siku ya mvua, mvua haijui kudanganya.

7. Wapangaji. Kama kuna mtu anaishi ndani, nani atamtoa na lini? Ukishamaliza kulipa, yeye ni mpangaji wako na ugomvi ni wako.

Siyo lazima uandike yote saba. Ukiandika mengi sana muuzaji atachoka na wewe, atamfuata mwenye hela isiyo na maswali. Chagua yale ambayo kweli yakigoma hununui.

MASHARTI MENGINE HUYACHAGUI, SHERIA IMESHAYAWEKA

Hili nililijua nilipokuwa natafuta eneo nje ya mji. Ukinunua ardhi ya kijiji, iwe Ikungi, Mkalama au Iramba, unaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Baraza la kijiji lina sauti kwenye uuzaji huo, hasa kama wewe siyo mkazi wa kijiji hicho. Muuzaji akisaini na wewe ukalipa bila baraza kujua, mnaweza kukuta mmeuziana upepo.

Wenzetu Kenya wana mfano mzuri wa hili. Kwenye ardhi ya kilimo, mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila hivyo makubaliano yanabatilika kisheria, hata kama watu walishikana mikono na kula mbuzi. Uingereza ndiyo kabisa: kwa kawaida muuzaji anaweza kusema amekubali bei yako, lakini mpaka mikataba iliyosainiwa ibadilishwe baina ya pande mbili, hakuna aliyefungwa. Mtu mwingine akija na bei kubwa wiki moja kabla, unaweza kuachwa.

Nasema haya ili uone kwamba "ikiwa" siyo ushamba wa Singida wala uoga wa mtu maskini. Duniani kote watu wanaonunua nyumba wanaiandika.

MASWALI MATATU YA KILA SHARTI

Hapa ndipo penye moyo wa somo lote. Kila sharti unaloandika lazima lijibu maswali matatu:

Jambo gani? Liwe kitu ambacho mtu wa tatu anaweza kukithibitisha. "Nyumba iwe nzuri" siyo sharti, kila mtu ana macho yake. "Nikijisikia" ndiyo kabisa, hiyo siyo ahadi. Lakini "taarifa ya upekuzi ionyeshe hakuna rehani" ni jambo linaloonekana kwenye karatasi.

Mpaka lini? Tarehe na saa. Siyo "mapema iwezekanavyo".

Hela inaenda wapi? Lisipotimia, kishika uchumba kinarudi chote, ndani ya siku ngapi, na nani anakishika wakati tunasubiri.

Hilo la mwisho ni zito. Hela ikiingia mfukoni kwa muuzaji, anaila. Siyo kwa ubaya, ana shida zake, ndiyo maana anauza nyumba. Siku ya kurudisha hana. Ukiweza, hela ikae kwa wakili wa pande zote mbili mpaka masharti yatimie. Ikishindikana, kishika uchumba kiwe kidogo, kiasi ambacho ukikipoteza hutafunga duka. Na uitume kwa benki au kwa simu ili ibaki na ushahidi, siyo noti kwenye benchi kama nilivyofanya mimi.

Haya ni maneno ninayoyatumia sasa. Chukua, badilisha, mpelekee wakili akurekebishie:

"Mimi ____ nakubali kununua nyumba ya ____ iliyopo mtaa wa ____ kwa Sh. ____, ikiwa mambo haya yatatimia kabla ya saa 10 jioni tarehe ____: (a) upekuzi rasmi uonyeshe muuzaji ndiye mmiliki na hakuna rehani wala zuio, (b) mwenza wa muuzaji asaini ridhaa, (c) mnunuzi akubaliwe mkopo usiopungua Sh. ____, ambao ataomba ndani ya siku 7 na kuonyesha ushahidi wa maombi. Jambo lolote kati ya haya lisipotimia kwa tarehe hiyo, makubaliano haya yamekwisha na kishika uchumba cha Sh. ____ kinarudi chote ndani ya siku 7. Yote yakitimia na mnunuzi akajitoa, kishika uchumba kinabaki kwa muuzaji. Yote yakitimia na muuzaji akakataa kuuza, atarudisha kishika uchumba pamoja na Sh. ____ za usumbufu."

Ona kwamba inalinda wote wawili. Ndiyo maana muuzaji mwenye nia safi huwa haigomei.

Na usisahau kuandika nani analipa gharama. Kwenye uhamisho wa miliki kuna ushuru wa stempu, asilimia 1. Kuna pia kodi ya faida ya muuzaji, ambayo kwa mkazi kiwango chake cha kawaida ni asilimia 10 ya faida. Nenda TRA waulize hesabu ya kwako kabla hujataja bei ya mwisho. Nimeona mauzo yamevunjika dakika ya mwisho kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mlipaji.

SASA KAA UPANDE WA MUUZAJI

Mwaka 2024 mama yangu mkubwa aliuza nyumba yake Kiomboi. Akaja mnunuzi, mtumishi anayeishi Dodoma, mtu mstaarabu sana. Akasema, "Mama, mimi naichukua, nasubiri tu mkopo wa benki utoke." Mama mkubwa akafurahi, akatoa kibao cha "nyumba inauzwa". Kishika uchumba hakikutolewa, tarehe haikuandikwa.

Mwezi wa kwanza, mkopo uko hatua za mwisho. Mwezi wa tatu, meneja amehamishwa. Mwezi wa tano, simu inaita haipokelewi. Katikati hapo mfanyabiashara wa vitunguu alikuja na hela taslimu, mama mkubwa akamwambia samahani mwanangu nimeshaahidi. Mwezi wa saba yule wa Dodoma akatuma ujumbe mfupi kwamba amepata kiwanja kwingine. Mfanyabiashara wa vitunguu alishanunua pengine. Mama mkubwa aliuza baadaye kwa bei pungufu, akiwa na ada za wajukuu zinamsubiri.

Kwa hiyo sharti lisilo na tarehe ni kamba, na anayefungwa ni muuzaji. Ukiwa unauza wewe, fanya haya:

Weka mwisho wa kusubiri. Siku 30 au 45 kwa mkopo zinaeleweka. Akitaka kuongezewa, aombe kabla muda haujaisha, na muandike tena.

Dai ushahidi wa mwendo. Ameomba mkopo lini? Barua ya benki iko wapi? Mtu asiyeomba hawezi kusema amenyimwa.

Acha mlango wazi. Andika kwamba nyumba itaendelea kuonyeshwa. Akija mnunuzi mwingine asiye na masharti, wa kwanza anapewa siku 5 za kuamua: aondoe masharti yake anunue, au apishe na hela yake arudishiwe. Hakuna anayemwonea mwenzake hapo.

Na usiangalie bei tu. Ofa ya milioni 20 yenye masharti sita na miezi minne inaweza kuwa ndogo kuliko ofa ya milioni 18 inayomalizika wiki ijayo. Inategemea shida yako ni ipi.

NILIVYOJARIBU TENA

Mwaka jana nikapata nyumba nyingine, maeneo ya Misuna, bei milioni 16. Muuzaji alikuwa kaka mmoja mwenye haraka. Dalali alikuwa na maneno yaleyale, kuna mtu anakuja kesho. Safari hii nikamwambia, "Aje tu. Mimi nina karatasi yangu."

Nikaandika masharti mawili: upekuzi, na ridhaa ya mwenza. Siku 21. Kishika uchumba laki tano, kikakaa kwa wakili. Yule kaka alinung'unika kidogo, akasema wanawake mna wasiwasi. Nikacheka tu. Akasaini.

Siku ya kumi na mbili majibu ya upekuzi yakatoka. Jina kwenye hati siyo la yule kaka. Ni la baba yake, marehemu. Mirathi haijafunguliwa, na wako ndugu watano. Nilipompigia akasema, "Dada hayo ni mambo ya familia, tutayamaliza, wewe lipa tu." Nikamjibu, "Kaka yangu, yamalizeni kwanza. Tarehe ikifika hamjamaliza, mimi naomba changu."

Tarehe ikafika. Ndugu walikuwa hata hawajakutana. Wakili akanirudishia laki tano yangu, nikamlipa ada yake nikaenda zangu. Sikugombana na mtu. Tukikutana sokoni na yule kaka tunasalimiana mpaka leo.

Usiku ule nilihesabu. Kama ningefanya kama mwanzo, ningekuwa nimelipa hela nyingi kwa mtu mmoja kati ya ndugu watano, na wanne waliobaki wangekuja kuniuliza naishi kwa nani. Upekuzi, ada ya wakili, nauli za bodaboda, vyote havikufika hata robo ya kile nilichopoteza Mandewa.

Nyumba bado sina. Nina kiwanja kidogo chenye barua ya toleo, risiti zote zimelipwa, na msingi umeshamwagwa. Madumu bado yako chini ya kitanda, lakini nalala vizuri juu yake.

MWISHO, RUDI DUKANI KWAKO

Hivi vitu tunavifanya kila siku ila hatuvipi jina. Mteja wa Mwanza anakuandikia, "Nitumie madumu kumi, nitalipa mzigo ukifika." Hiyo ni ofa yenye sharti. Muulize maswali yaleyale matatu. Kufika ni kufika wapi, stendi au dukani kwako? Mpaka lini utakuwa umelipa? Na usipolipa, nauli ya mzigo kurudi inatoka wapi? Ukizoea kuuliza hivyo kwenye dumu moja la mafuta, siku ya kununua nyumba mdomo hautakuwa mzito.

Mimi siyo wakili, haya ni ya mtu aliyelipa ada ya shule kwa njia mbaya. Kwa hela kubwa, mtafute wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kusaini, siyo baada.

Wewe ulishawahi kutoa kishika uchumba kikaliwa? Au uliuza ukazungushwa? Andika kwenye komenti tujifunze, lakini usitaje jina la mtu. Na kama una rafiki ambaye wiki hii anaenda "kuwahi nyumba" na dalali, mtumie hii kabla hajafika kwenye benchi.